Mkuu wa Moto wa Yombo Jazz

Mimi, Mwishehe, ni mpiga ngoma, mtoto wa mpiga ngoma, mjukuu wa mpiga ngoma. Nalitaja hilo mapema msije mkadhani kwamba mambo ya moto niliyaanza kwa upumbavu. Ngoma yoyote inayojiheshimu hupashwa moto kabla ya kupigwa. Unakoka makumbi ya nazi, unaielekeza ngozi kwenye joto, unaigonga kwa kidole, unaisikiliza, unairudisha tena, mpaka ngozi ikaze na sauti itoke kifuani. Ngoma baridi hailii, inakohoa. Hayo nayajua kama ninavyoijua njia ya nyumbani kwangu, na mpaka leo hakuna aliyenipinga. Kosa langu lilikuwa jingine, nitalifikia.

Mwaka ule wa hamsini na nne, klabu yetu ya Yombo Jazz pale Temeke ilikuwa na wanachama arobaini na mmoja, na wenye vyeo kati yao walikuwa thelathini na wanane. Mwenyekiti alikuwa Bwana Sadallah, karani wa ghala moja bandarini, mtu wa suti nyeupe na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Alikuwapo Makamu, na Makamu wa Makamu, na Mtunza Viti, na Msimamizi wa Makofi, ambaye kazi yake ilikuwa kuanzisha makofi Mwenyekiti anapomaliza kusema na, ikibidi, kabla hajamaliza. Wasio na cheo tulikuwa watatu: mimi, Kasiani mpiga gitaa, na mzee mmoja kiziwi aliyekuja kwa ajili ya chai.

Iliniuma, sisemi uongo. Tulipokuwa chama cha ngoma, mimi ndiye nilikuwa mbele. Tulipogeuka kuwa jazz, Bwana Sadallah alisoma mahali fulani kwamba dansi la kisasa halitaki ngoma iwe mbele, basi ngoma yangu ikasogezwa nyuma, Jumamosi hii hatua moja, Jumamosi ijayo hatua nyingine, mpaka nikawa napigia karibu na ua wa choo. Mke wangu Mwajabu alikuwa akiniuliza nikirudi, "Leo umewapigia wangapi waliokuja kujisaidia?"

Kasiani Albano alitoka Newala. Alikuwa mchongaji wa mpingo, jirani yangu nyumba ya nne, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa iliyojua kugusa kitu kwa upole. Gitaa lake alilitengeneza mwenyewe kwa miezi minane. Mgongo na mbavu zake zilikuwa za mninga, na uso ulikuwa ubao mwembamba wa msonobari alioutoa kwenye sanduku la mzigo wa Ulaya, akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa unapitisha mwanga. Kila ubao aliugonga kwa ukucha na kuusikiliza kabla ya kuukata. Hapo ndipo tulipoanza urafiki, maana nilipomwona anagonga ubao na kuinamisha kichwa, nilisema huyu ni mwenzangu, tofauti yetu ni ngozi tu.

Gitaa lile lilikuwa na sauti tamu na ndogo. Kasiani alilipiga kwa vidole, taratibu, na waliokaa mbele waliacha kutafuna. Lakini watu wa katikati walikuwa wanacheza ngoma yangu tu, na wa nyuma walicheza kwa kuwatazama wa katikati. Huko Kinondoni kulikuwa na klabu iliyokuwa na mashine ya kupaza sauti, na habari zake zilimnyima Bwana Sadallah usingizi. Ndipo alipopitisha mchango, akashuka bandarini, akarudi na ushindi.

Ushindi wenyewe ulikuwa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mashine ya kupaza sauti, pamoja na spika yake, iliyotolewa kwenye gari bovu la sinema, inayoendeshwa kwa betri ya lori. Cha pili kilikuwa kinasa, kidude cha duara chenye ukubwa wa kifuniko cha chupa na waya mrefu, alichouziwa na baharia. Baharia alisema kinabandikwa kwa nta ya nyuki kwenye ubao wa gitaa, kinasikia ubao unavyotetemeka, kinaipelekea mashine habari. Alisema pia, na Bwana Sadallah mwenyewe ndiye aliyetusimulia, kwamba mtu akihamishe huku na huku mpaka apate mahali pake.

Kasiani alikichukua kile kidude, akakigeuzageuza. Halafu akaliinua gitaa, akaling'ata ubavuni kwa meno ya mbele, akapiga uzi mmoja. Akahamisha meno, akapiga tena. Wanachama walicheka sana.

"Nikiling'ata nalisikia ndani ya kichwa," alieleza. "Kila mahali lina sauti yake. Nipeni siku tatu nikitafutie mahali. Nataka mti usikike, siyo chuma."

"Mahali pake panajulikana," alisema Bwana Sadallah. "Ni mbele, kando ya daraja la nyuzi, pale ambapo kila mwanachama aliyechanga ataweza kukiona. Hii ni mali ya chama. Mali ya chama haifichwi."

Msimamizi wa Makofi alifanya kazi yake. Kinasa kikabandikwa kwa nta kando ya daraja, kikavishwa na utepe mwekundu juu yake ili hata wenye macho mabovu wasikikose.

Alasiri ya Jumamosi ile Kasiani alipiga wimbo wake wa kwanza kupitia mashine. Jamani. Sauti ilitoka kubwa, hilo halina ubishi, ilisikika mpaka barabarani. Lakini ilikuwa sauti ya bati. Kila uzi ulitoka mkali na mkavu, umechongoka, hauna nyama. Mwajabu alikuwa anapita nje ya ua na ndoo kichwani, akauliza kwa sauti, "Nani anasugua masufuria humo?" Kasiani alisimamisha vidole katikati ya wimbo, akalitazama gitaa lake kama mtu anayemtazama mwanawe aliyerudi mlevi.

Klabu ikaunda Kamati ya Sauti ya Asili. Ilikaa vikao vitatu, na chai juu. Mtunza Viti alisema spika imewekwa chini kama kuku, ipewe kiti. Ikapewa kiti, ikaendelea kupiga mabati, sasa kwa kimo cha masikio. Fundi cherehani aliyekuwa Makamu wa Makamu alisema ivishwe kanga, na ilipovishwa sauti ikawa ya mtu mwenye mafua. Msimamizi wa Makofi alipendekeza makofi yapigwe mfululizo toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na kusema kweli hilo ndilo lililokaribia kufaa. Kila kikao Kasiani aliinua mkono akaomba kinasa kihamishwe, na kila kikao Bwana Sadallah alimjibu kwamba kamati inashughulikia sauti, haishughulikii mahali.

Kikao cha tatu nilichoka. Nikasimama kule nyuma, nikasema, "Kitu chochote cha kupigwa kinapashwa moto kwanza. Hilo gitaa ni baridi. Lipasheni."

Nilisema kwa hasira tu, ya mtu aliyekaa na choo miezi sita. Lakini wazee wote walikuwa watu wa ngoma kabla hawajawa watu wa jazz, na maneno yangu yaliwaingia kama uji. Wakatazamana. Mmoja akasema kweli, tumesahau mila. Mwingine akasema ndiyo maana Wazungu muziki wao haueleweki, hawapashi. Ikapita bila kupingwa, isipokuwa na Kasiani, ambaye hakuwa na cheo.

Jumamosi iliyofuata nilikoka makumbi uani. Kasiani alinipa gitaa kwa mikono miwili. Aliniambia polepole, "Ndugu yangu, humo kuna gundi ya kuchemsha. Gundi hiyo inashika kwa ubaridi na inaachia kwa joto. Angalia."

Nikamwambia nimepasha ngozi toka nina miaka saba. Nikalisimamisha gitaa wima, uso kwenye moto, nikawa nagonga ubao kwa ukucha kama kawaida yangu, na mashine imewashwa, kwa hiyo kila nilipogonga spika ilijibu. Nikagonga, bati. Ubao ukapata joto, nikagonga, bati. Ubao ukawa wa moto hata kuushika nikaushika kwa kitambaa, nikagonga, bati vilevile. Halafu nta ikalainika. Kinasa kikaanza kuteleza pamoja na utepe wake, polepole, kikateremka kutoka kwenye daraja kwenda chini, karibu nusu shibiri, kikakaa upande wa kulia wa tumbo la gitaa, kikaganda hapo. Nikagonga. Na spika ikajibu kwa sauti ya mti.

Nilisikia kwa masikio yangu. Moto haukuwa umefanya kitu. Kinasa kilikuwa kimejitafutia mahali pake chenyewe, kwa kuteleza, baada ya kamati kukataa kukitafutia.

Kasiani alipiga. Ilikuwa sauti ileile ya barazani kwake jioni, ila sasa imejaa ua mzima. Ulisikia kidole kikiuacha uzi, ulisikia ubao ukipumua. Watu wa nyuma walinyamaza kwa mara ya kwanza toka klabu ianzishwe. Bibi mmoja alitokwa na machozi, akasema ni moshi.

"Moto," alisema Bwana Sadallah. Na wote wakasema, "Moto."

"Kimehama," alisema Kasiani. "Tazameni kilipo. Ni mahali, siyo moto."

Hakuna aliyetazama. Na baada ya dansi Bwana Sadallah mwenyewe alikibandua kinasa, akakirudisha kando ya daraja na utepe wake, kwa kuwa mali ya chama lazima ikae mahali pa heshima. Jumamosi ya pili, bati. Nikalipasha, kikateleza, mti. Jumamosi ya tatu, bati, moto, kuteleza, mti. Mnaona jinsi mambo yalivyokuwa. Kila wiki walikirudisha penye ubaya, na kila wiki moto ukawathibitishia kwamba ni moto.

Kasiani alikuja kwangu siku ya Jumatatu. Mwajabu alimpa kiti na kikombe cha kahawa. Alikuwa na gitaa, na kipande chembamba cha karatasi. Akalichomeka lile karatasi chini ya daraja la nyuzi, mahali ambapo daraja na uso wa gitaa vilikuwa vimeunganishwa kwa gundi. Likaingia upana wa ukucha.

"Mwezi uliopita lilikuwa haliingii," alisema. "Mara tatu, nne tena za moto, daraja litang'oka na ubao utapasuka nalo. Ubao kama huu sitaupata tena. Mwishehe, wewe ndiye unayegonga. Wewe umesikia kinapoteleza. Mie nikisema wananiona mgeni mbishi. Wewe ni mwenyeji, mtoto wa hapa. Wakisikia kwako watanyamaza."

Nilimwangalia machoni, nikamwambia, "Kikao cha Ijumaa nitasema."

Na nilikusudia. Ijumaa nilivaa kanzu safi. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilipofika, kabla sijakaa, Bwana Sadallah alisimama na kifurushi mkononi. Alisema klabu imetambua mchango wa mtaalamu wake, kwamba toka leo kuna cheo kipya cha Mkuu wa Moto, na kwamba ngoma itarudishwa mbele, kulia kwa Mwenyekiti. Akafungua kifurushi, akatoa tarbushi nyekundu yenye kishada cheusi. Akanivisha. Makofi yakapigwa na watu wote, siyo Msimamizi peke yake. Halafu akasema, "Mkuu wa Moto ana neno?"

Kasiani alikuwa amekaa kando ya mlango. Aliniinulia uso.

Nikasema, "Nashukuru," nikakaa.

Tarbushi ilinienea vizuri. Mwajabu aliponiona nayo alizunguka mara moja akanikagua, akaniuliza, "Umemwambia?" Nikamwambia nangoja wakati wake. Akasema, "Baba Salumu, kichwa ulikuwa nacho kabla ya kofia." Akaenda kuchambua mchele.

Basi nikatafuta njia ya mtu mwoga, ambayo siku zote ipo. Nilimwendea Kasiani nikamwambia asiwe na wasiwasi: nitakoka makumbi mabichi, yatoe moshi mwingi na joto kidogo, nami katikati ya moshi nitakisukuma kinasa kwa dole gumba mpaka mahali pake. Klabu itapata moto wake, gitaa litapona, nami, sikulisema hili, nitabaki na kofia. Kasiani alifikiri kidogo, akasema, "Ungesema tu ingekuwa rahisi zaidi." Lakini akakubali, angefanyaje. Jumamosi mbili tulifanya hivyo. Sauti ilikuwa ya mti, karatasi halikuingia zaidi, na mimi nilikohoa mpaka Jumanne.

Ndipo likaja shindano. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alitangaza Kikombe cha Bendi yenye Utaratibu, kishindaniwe Jumapili alasiri katika banda la mikutano la Kinondoni. Kuwasha moto uani kwa serikali kulihitaji kibali, kwa hiyo Bwana Sadallah alikwenda Boma. Karani wa Boma alipekua madaftari yake: kulikuwa na kibali cha ngoma, cha maulidi, cha harusi, cha kuchoma majani. Cha kuotesha gitaa moto hakikuwapo. Mwishoni akatuandikia cha kuchoma majani, akaandika kwa mkono pembeni kwamba majani yenyewe ni gitaa. Kilipigwa mihuri miwili.

Jumapili ile tulifika Kinondoni kwa lori la mkaa. Mashine ilikalia kiti chake. Klabu ya wenyeji ilipiga kwanza, kwa kishindo cha bati ambacho wenyewe walijivunia. Kisha Bwana Shauri na mkewe wakaletwa uani watazame Yombo Jazz wakilipasha gitaa, kwa sababu Bwana Sadallah alikuwa amekwisha kuwaeleza kwamba ni siri ya kale ya pwani. Memsahibu alikuwa na kamera.

Nikakoka makumbi yangu mabichi. Moshi ukapanda vizuri. Nikalichukua gitaa kwa Kasiani, dole gumba langu tayari.

Memsahibu alimwambia mumewe jambo, mumewe akamwambia Bwana Sadallah kwamba katika picha moshi hautaonekana vizuri, wangependa kuona ndimi za moto.

Bwana Sadallah akanigeukia. "Mkuu wa Moto, huu ni moto wa kubanika dagaa. Ongeza."

"Huu unatosha, Bwana Mwenyekiti," nilisema.

"Unatosha kwa Temeke. Leo tuko mbele ya serikali." Akachukua makuti makavu mwenyewe, fungu zima, akayatupia.

Moto uliruka mpaka kifuani kwangu. Nilikuwa na gitaa mikononi. Ilinibidi nipige hatua moja tu nyuma, na niseme neno moja tu, na kila mtu pale alikuwa ananitazama, watu mia tatu, Bwana Shauri, kamera, na kishada cha tarbushi kikinipiga shavuni kwa upepo. Kasiani alikuwa upande wa pili wa moto. Aliiangalia mikono yangu.

Sikurudi nyuma. Nililishika gitaa pale pale, nikatabasamu kwa ajili ya picha, na memsahibu akapiga moja, akaomba nyingine. Harufu ya gundi ilinifikia puani kabla kinasa hakijateleza.

Kasiani alilipokea gitaa kwa kitambaa. Alipitisha ukucha chini ya daraja, akafumba macho kidogo, akaingia bandani, akakaa, akapiga.

Nimesikia muziki mwingi maishani, na mwingine nimeupiga mimi. Wa alasiri ile sikuwahi kusikia mfano wake. Aliupiga wimbo wa kwao wa kubembelezea mtoto, na kila mtu mule bandani, mpaka waliosimama dirishani, aliusikia kama amekaa magotini pa Kasiani. Ilikuwa kubwa bila kuwa na ukali. Ulisahau waya, ulisahau betri. Watu walianza kuitazama mashine kwa mashaka, na Bwana Shauri akainama akauliza kwa adabu kama mashine imeharibika, maana yeye anasikia gitaa tu.

Bwana Sadallah alipatwa na hofu. Miezi yote ya michango, na sasa serikali inadhani mashine haifanyi kazi. Akasimama katikati ya wimbo, akapaza sauti, "Mashine inafanya kazi, Bwana! Inafanya kazi kabisa!" Na ili kuondoa shaka akaenda kwenye kiti cha mashine, akazungusha kifundo cha sauti mpaka mwisho.

Kasiani alikuwa katika ubeti wa mwisho. Daraja liling'oka. Nyuzi zote sita zilirukia juu mara moja, uso wa msonobari ukapasuka nao kutoka kwenye tundu mpaka chini, na kinasa, kilichokuwa mahali pake sahihi kikisikia kila kitu kwa uaminifu, kikaipelekea mashine habari ile, na mashine ikaitoa kwa nguvu zake zote. Banda zima lililala chini. Askari alipuliza filimbi. Bwana Shauri alionekana baadaye akitoka chini ya meza, amejipangusa magoti, amefikia uamuzi.

Tulipewa kikombe. Alisema wimbo ulikuwa wa asili kabisa, na kwamba baada ya mlio hakuna mwanachama wa Yombo Jazz aliyekimbia, jambo linaloonyesha utaratibu. Ukweli ni kwamba miguu ilikataa.

Kasiani hakungoja kikombe. Alizifunga mbao zake katika shati lake, akatembea kwa miguu kifua wazi kutoka Kinondoni mpaka Temeke.

Kikao cha Ijumaa kilijadili mambo mawili: kabati la kuwekea kikombe, na kama moto upunguzwe kutoka dakika kumi hadi saba kwa gitaa jipya litakalonunuliwa dukani. Nikasimama. Nikavua tarbushi, nikaiweka mezani, nikasema yote. Nikasema moto haukuwahi kufanya kitu chochote. Nikasema kinasa kilikuwa kinateleza, kwamba nilikisikia toka siku ya kwanza, kwamba Kasiani alikuwa na haki na mimi nilinyamaza kwa ajili ya cheo, na gitaa la watu limekufa mikononi mwangu.

Halafu Bwana Sadallah akasimama, macho yamelowa.

"Ndugu wanachama," alisema, "mmesikia. Fundi wa kweli hajisifu."

Makofi yaliyopigwa siku ile sijawahi kuyapata kwa ngoma. Walinivisha tarbushi tena kwa mikono yao, na katika daftari la klabu ikaandikwa kwamba Mkuu wa Moto alitoa hotuba ya unyenyekevu, na dakika ziwe saba.

Jumapili nilikwenda kwa Kasiani. Nilipiga hodi, mkewe Yustina akanikaribisha bila kunitazama, akaendelea kutwanga. Kasiani alikuwa barazani anachonga, anagonga, anainamisha kichwa, anachonga. Nilimwambia nimesema. Nilimwambia nimesema yote mbele ya watu, hawakuamini.

"Nilisikia," alisema. "Wamekupigia makofi."

Aliingia ndani, akatoka na uso wa gitaa, ule ubao wa msonobari, umepinda kwa joto, una ufa katikati na kovu pale daraja lilipokuwa. Akanipa kwa mikono miwili, kama alivyonipa siku ile ya kwanza.

"Chukua. Mama Salumu atapikia," alisema. "Ni mkavu sana. Umeukausha mwenyewe."

Hakuwa na hasira, ningeona. Akarudi kwenye mpingo wake.

Niliubeba kwapani mpaka nyumbani. Mwajabu aliutazama, hakuupikia. Akaupandisha juu ya kabati, na tarbushi akaitumia kuhifadhia vitunguu. Siku nyingine, nyumba ikiwa kimya, naushusha. Nagonga kwa ukucha penye kovu la daraja, unalia bati. Nagonga katikati, unalia ufa. Nusu shibiri chini ya kovu, upande wa kulia, kuna doa la nta la ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nikigonga hapo, mpaka leo unalia kama ulivyolia Jumamosi ile ya kwanza, nilipousikia nikanyamaza.